Safari ya Dakika 20: Jinsi Simba na Twiga Wanavyoonyeshwa Huko Florida

Huko Florida, jimbo lililo kusini-mashariki mwa nchi ya Marekani, iko njia ya malori iliyoharibiwa kwa makusudi, tena kwa gharama kubwa. Mafundi walichanganya rangi katika saruji hata ikafanana na udongo, na kabla haijakauka wakapitisha magurudumu juu yake, wakatupia mawe, vijiti na majani, ili abiria asadiki kwamba ni mvua iliyochimba makorongo yale. Mtu aliyekwisha kulala porini kwa sababu lori lilizama matopeni wakati wa masika atastaajabu kusikia kwamba wako watu wanaosafiri maelfu ya maili, na kutoa fedha nyingi, ili wapate kutikiswa katika njia ya namna hiyo.

Njia hiyo ni ya matembezi yaitwayo Kilimanjaro Safaris, ndani ya bustani ya starehe iitwayo Disney's Animal Kingdom, karibu na mji wa Orlando. Marekani zimo bustani nyingi za namna hii. Mtu hulipa kiingilio mlangoni, akaingia katika nchi ya kubuni yenye michezo, maigizo na vyakula, akashinda humo mchana kutwa pamoja na watoto wake. Hii ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na tofauti yake na nyingine ni kwamba wanyama wake ni hai. Lori lisilo na kuta hubeba watu zaidi ya 30. Dereva ndiye kiongozi na ndiye mwelezaji. Na kwa muda wa yapata dakika 20 abiria huzungushwa katika eneo la ekari kama 110, wakiwatazama viboko, mamba, twiga, ndovu, duma, vifaru na simba, bila waya wala kioo mbele ya macho yao.

Kampuni ya Walt Disney ilikuwa na tamaa ya jambo hili tangu zamani. Mwaka 1955, ilipofungua bustani yake ya kwanza huko California, mwenyewe Walt Disney alitaka wageni wapande mashua na kupita katika mto wenye wanyama wa kweli kandokando. Wenye maarifa ya wanyama wakamwonya kwamba wanyama wale watalala mchana au watajificha, na wageni watakaopita watayaona majani matupu. Basi wakatengenezwa wanyama wa mashine, wanaofumbua kinywa na kutikisa masikio kila mashua inapokaribia. Kiboko wa mashine hachoki, haugui wala hasinzii.

Miaka ilipita zaidi ya 30 kabla shauri lile halijafufuliwa. Mchoraji mkuu wa bustani mpya, Bwana Joe Rohde, aliona kwamba wakubwa wa kampuni wana mashaka: je, mnyama hai peke yake ataweza kuwasisimua watu waliozoea michezo ya mbio na mashine? Hakujibu kwa maneno mengi. Katika mkutano mmoja aliamuru aingizwe chumbani chui milia mzima, na mkubwa wa kampuni, Bwana Michael Eisner, akaketi hapo huku mnyama akipita karibu naye. Yasemekana baada ya siku ile swali hilo halikuulizwa tena.

Lakini kumleta chui milia chumbani kwa dakika chache ni jambo moja, na kupanga safari ya kila siku ni jambo jingine. Mpangaji alikuwa na mambo matatu yanayogombana. La kwanza, mgeni amwone mnyama. Maana amelipa, na muda wake ni mfupi. La pili, mgeni asiliwe. La tatu, mnyama naye asiteswe kwa ajili ya macho ya watu, bali awe na nafasi, kivuli, maji na pa kujitenga. Bustani za wanyama za zamani zililitimiza la kwanza na la pili kwa vyuma tu, na la tatu hazikulifikiria sana.

Huko Florida vyuma vilifichwa. Kati ya njia na simba yako mahandaki mapana ambayo abiria hayaoni, kwa kuwa ukingo wa upande wake umepandwa majani na ardhi huonekana kuendelea moja kwa moja. Mamba wako chini ya daraja, ndovu wamezuiliwa na mawe na mitelemko. Swala na twiga wanapita huru barabarani, na lori halina budi kusimama mpaka twiga apende kuondoka. Hapo ratiba yote hupinduka, na abiria ndipo hufurahi zaidi. Mibuyu mingine ni ya saruji, na vichuguu vingine havina mchwa hata mmoja. Kwa kuwa migunga yetu si miti ya nchi ile, watunza bustani waliichukua mialoni ya Florida wakaipogoa vichwa ikawa bapa kama migunga ya Kajiado. Mtu wa Kajiado hatadanganyika, lakini mtu wa Chicago atadanganyika, na yeye ndiye mwenye kulipa.

Habari ya simba yafaa kuelezwa, maana simba ndiye aliyewatia wapangaji jasho kuliko wote. Kila mchungaji ajua kwamba simba aliyeshiba hulala sehemu kubwa ya mchana, tena hulala asipoonekana. Basi walimjengea mwamba mrefu, mahali pa wazi, na ndani ya mwamba huo wakaweka mitambo ya kuupoza wakati wa jua kali na kuupasha moto wakati wa baridi. Simba hakulazimishwa kupanda. Hupanda mwenyewe kwa sababu hapo ndipo pazuri pa kulala. Mgeni humwona amelala, lakini humwona. Jua linapokaribia kuzama, wanyama walio wengi hurudi mazizini kula na kukaguliwa, nao wamefundishwa kuitikia sauti maalumu, kama vile ng'ombe ajuavyo mluzi wa mwenyewe.

Mambo hayakwenda vema tangu siku ya kwanza. Wakati bustani ilipokuwa ikitayarishwa walikufa wanyama kadha wa kadha. Watoto wanne wa duma walikufa kwa sumu ya dawa inayotumiwa katika mitambo ya magari, na korongo wawili wenye taji waligongwa na malori yale yale ya safari. Watetezi wa wanyama walipiga kelele, na Wizara ya Kilimo ya Marekani ikapeleka wachunguzi. Wachunguzi hawakuona kwamba sheria imevunjwa. Hata hivyo korongo wale walikuwa wamekwisha kufa, na kila mpangaji alipata kufahamu kwamba ndege hasomi ratiba ya malori.

HADITHI YA MAJANGILI

Kosa jingine lilikuwa la namna ya pekee. Kampuni hii mali yake ni hadithi, na wapangaji walidhani kwamba wanyama peke yao hawatatosha. Kwa hiyo safari ikatungiwa hadithi. Katikati ya njia redio ya lori ililia, askari wa wanyama akatangaza kwamba majangili wamemkimbiza ndovu mdogo na mama yake, na dereva akaongeza mwendo kwenda kuwazuia. Hapo mwanzo palikuwapo hata sanamu ya ndovu mkubwa aliyeuawa, lakini wageni wa majaribio walichukizwa kuona mzoga mbele ya watoto, ikaondolewa kabla ya kufunguliwa bustani. Mwishoni majangili walikamatwa kila mara, safari kadha wa kadha kwa siku, kwa miaka kumi na zaidi.

Nia ilikuwa njema, kwa kuwa ujangili si jambo la kubuni. Lakini ilionekana kwamba abiria aliyekuwa akimtazama mtoto wa twiga akinyonya hakutaka kukimbizwa kwenda kuokoa ndovu wa mashine. Mwaka 2012 hadithi ile iliondolewa, na mahali palipokuwa pa mbio wakawekwa punda milia. Tangu hapo dereva hana wa kumfukuza. Kazi yake ni kujua wanyama wake na kujibu maswali. Hilo lilikuwa badiliko la busara kuliko yote yaliyofanywa katika bustani ile.

Wapangaji walimkumbuka jangili na askari, lakini mtu wa tatu hawakumkumbuka, naye ni mkulima. Hakuna lori linalopita kando ya shamba la mahindi ambalo mwenyewe hulala juu ya dungu, ana debe na kijinga cha moto, akisikiliza kama ndovu wanavuka. Mtu huyo yuko Taita, yuko Laikipia, yuko Kwale. Kwake yeye ndovu si tamasha. Pengine ni vigumu kumpanga katika starehe ya dakika 20. Lakini mgeni anayeambiwa kwamba adui wa ndovu ni mwenye bunduki peke yake amepewa nusu ya habari.

Kabla ya kupanda lori wageni hupita katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Wachoraji walisafiri Afrika ya Mashariki, na majumba yake yameigwa hasa kutoka mji wa Lamu: kuta zilizoliwa na chumvi ya bahari, milango ya nakshi, matangazo ya Kiswahili ubaoni. Jina ni lile neno la wapagazi wanapoinua mzigo, ambalo Kenya ililifanya wito wa taifa, ila limepungukiwa herufi moja mwishoni. Ng'ambo ya pori lile iko hoteli ya kampuni hiyo hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2001, yenye mkahawa uitwao Jiko na mwingine uitwao Boma. Chini ya madirisha yake wanalisha pundamilia, twiga, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Wageni huwapiga picha ng'ombe hao kwa shauku ile ile wanayowapigia twiga, na hapana mtu awezaye kuwalaumu, maana kwao hakuna ng'ombe wa namna ile.

MATEMBEZI YA MIGUU

Kwa wale wasiotosheka na lori, tangu mwaka 2011 yako matembezi ya kuongozwa yaitwayo Wild Africa Trek, nayo huchukua yapata saa tatu. Hapa kupanga ni lazima kwa mgeni mwenyewe pia. Kikundi hakizidi watu 12, kwa hiyo nafasi huagizwa mapema. Ada yake ni mbali na kiingilio cha bustani, na hubadilika kwa kadiri ya siku. Mtoto aliye chini ya miaka 8 hapokewi, na kila mtu hupimwa uzito, kwa sababu atavikwa mikanda imara kifuani na mapajani, na kamba yake itafungwa katika chuma kipitacho juu. Vitu vinavyoweza kuanguka huachwa sandukuni. Viongozi nao hupiga picha. Kisha huvuka daraja la kamba ambalo mbao zake nyingine zimeachwa wazi kwa makusudi, na chini yake mamba wametandaza vinywa. Hufikishwa pia ukingoni mwa dimbwi la viboko, mgeni akaning'inia mbele huku kamba imemshika mgongoni. Safari humalizikia katika lori dogo na chakula chepesi kwenye kibanda kinachotazama mbuga.

Wapandaji wa lori la kawaida nao wana mashauri yao. Mwenye akili huenda asubuhi mara bustani inapofunguliwa, au jioni karibu ya kufungwa, kwa kuwa saa sita mchana ya Florida, tangu Juni mpaka Septemba, ni joto la kuwafukuza hata swala vivulini, na baada yake mara nyingi huja mvua ya radi. Tena wako wanaopanda mara mbili kwa siku moja. Njia ni ile ile, dereva si yule yule, na twiga aliyekuwa mbali asubuhi huenda akawa katikati ya barabara jioni.

Msomaji atauliza kama mambo haya yote yana faida yoyote kwa wanyama walio porini huku kwetu. Kampuni iliunda mfuko wa kusaidia uhifadhi tangu mwaka 1995, lakini fedha ni rahisi kuzisema na ni vigumu kuzifuata. Iko habari moja iliyo wazi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifaru wa Uganda walikuwa wamekwisha kabisa kwa bunduki. Baadaye nchi hiyo ilitenga hifadhi ya Ziwa, wilaya ya Nakasongola, kando ya njia iendayo Gulu, ili kuwaanzisha upya. Mwaka 2005 vifaru weupe wanne waliletwa kutoka shamba la Solio nchini Kenya. Mwaka 2006 wakaongezwa wawili waliosafirishwa kwa ndege kutoka bustani ile ya Florida, dume jina lake Hassani na jike jina lake Nande. Nande alizaliwa pale pale Florida, katika pori la mibuyu ya saruji, wala hakuwa ameiona Afrika maishani mwake.

Alizoea. Mwaka 2009 akazaa ndama dume, kifaru wa kwanza kuzaliwa Uganda baada ya miaka zaidi ya 25. Kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, watunzaji hawakuhangaika kutafuta jina. Wakamwita Obama.