Mhandisi Aliyewatandia Mahujaji Kivuli



Ndugu na mama zetu waliokwenda Hija kwa njia ya Jeddah huenda wakayakumbuka yale mahema makubwa meupe ya uwanja wa ndege, yasiyo na kuta, na ambayo chini yake mna kivuli na hewa. Aghalabu msafiri hupita pale akiwa ameshughulishwa na pasipoti na mizigo, wala haulizi ni nani aliyeyabuni. Juma hili tumeona vyema tumtaje mmoja wa waliohusika, kwani maisha yake yanagusa swali linalozisumbua nyumba nyingi za Pwani: je, kijana anayesomea kazi nzito ana wakati wa kuwatumikia watu bila ujira?

Fazlur Rahman Khan alizaliwa Dhaka mwaka 1929, wakati Bangladesh ya leo ilipokuwa sehemu ya India chini ya Waingereza. Babake alikuwa mwalimu wa hisabati. Khan alihitimu uhandisi huko Dhaka mwaka 1951, na mwaka uliofuata akapata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kwa miaka mitatu alijipatia shahada mbili za uzamili na moja ya uzamifu, kisha akaajiriwa na kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill mjini Chicago.

Jengo refu lina adui mkubwa, naye ni upepo. Zamani wahandisi waliukabili kwa kuongeza nguzo na chuma ndani ya jengo, na kila ghorofa iliyozidi ilizidisha gharama. Khan alizifanya kuta za nje ndizo zibebe nguvu hiyo, mfano wa mwanzi: ndani ni mtupu, na uimara wake uko katika gamba. Kwa njia hiyo likasimama jengo la John Hancock lenye ghorofa 100, na baadaye Sears Tower yenye ghorofa 110 na urefu wa mita 442, ambayo haikupitwa na jengo lolote duniani hadi miaka ya 1990.

Hiyo Sears Tower ni minara tisa ya mraba iliyoshikamanishwa. Yote huanzia chini, saba huishia njiani, na miwili ndiyo ifikayo juu kabisa. Atazamaye kwa mbali huiona hiyo miwili, ilhali hiyo haingeweza kuukabili upepo peke yake.

Ujenzi huo ulikuwa ukiendelea mwaka 1971 vita vilipozuka katika nchi yake ya asili, na mamilioni ya watu wakakimbilia India. Khan alikuwa na kila udhuru wa kukaa kimya: kazi kubwa mkononi, familia ya kutunza, na masafa ya mbali. Hata hivyo, yeye na wenzake walioishi Chicago waliunda jumuiya ya kuchangisha misaada, na akawaendea viongozi wa Marekani kuwaeleza dhiki ya watu wake. Kazi haikusimama, wala nyumba haikuvunjika. Bintiye, Yasmin, alikua akaingia katika uhandisi uo huo, na mwaka 2004 akachapisha kitabu juu ya kazi za babake. Twadhani mtoto hachagui njia ya mzazi wake kwa hiari ikiwa njia hiyo ilimnyang'anya mzazi huyo.

Kisha yakaja mahema ya Jeddah, aliyoyashughulikia pamoja na msanifu majengo Gordon Bunshaft. Ni mahema 210, kila moja likiwa na upande wa mita 45. Kitambaa chake kimefumwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa Teflon ili kirudishe mwangaza wa jua. Hewa ya joto hupanda na kutokea juu, katikati ya hema. Mzee aliyechoka hupumzika pale pasipo mashine ya kupoza hewa. Mahali hapo palifunguliwa mwaka 1981. Machi 1982 Khan alifariki dunia akiwa Jeddah, na umri wake ni miaka 52.

Nasi Pwani hatukosi vijana wa aina hii. Mombasa ilikuwa na Miome, taasisi iliyoanzishwa kuwafunza Waislamu kazi za ufundi, na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mafuriko yalipozikumba Tana River, Kwale na Mombasa mwishoni mwa 2023, waliohitajika walikuwa vijana wa kubeba unga, kuandika majina na kuwavusha wazee. Lakini wako wazazi wamwambiao mtoto, "Soma kwanza, watu utawasaidia ukishaajiriwa." Maneno haya hutoka katika mapenzi, nasi twayaelewa, ada ya chuo si mchezo. Ila mkono usiozoea kutoa ukiwa mtupu huona uzito ukishajaa.

Basi mama, bintiyo akikuomba ruhusa, usianze na "la". Muulize ni nani anayewaongoza, atarudi saa ngapi, na masomo yake yamefika wapi. Akikujibu sawasawa, mruhusu. Nawe baba, mwelekeze kijana atumie fani yake: asomaye umeme akague nyaya za madrasa, asomaye ujenzi aupimie msikiti mtaro wa maji ya mvua, na asomaye kompyuta awafunze akina mama kutuma maombi ya watoto wao vyuoni. Nanyi vijana, msifanye kujitolea kuwa kisingizio cha kuacha vitabu, wala cha kumwachia mama vyombo kila jioni.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape moyo wa kuwatandia wengine kivuli. Amin.