Buibui na misitu ya miji ya chai: Mti ukikatwa, mayai hupungua

MSAFIRI anayeingia mjini Kericho asubuhi yenye ukungu huona jambo ambalo mchana hujificha: matone ya umande yamening'inia kwenye tando za buibui, kuanzia nyua za nyumba hadi vichaka vya majanichai.

Wengi huzifagia tando hizo kwa kuziona uchafu. Hata hivyo, kila utando ni mtego wa chakula, na chakula hicho ndicho huamua idadi ya mayai ambayo buibui jike atataga.

Hilo lina uzito wa pekee katika kaunti za Kericho na Bomet, ambako miji, nyumba za wafanyakazi na mashamba ya chai hupakana na vipande vya msitu. Kuna miti ya kiasili kandokando ya mito kama Kimugu na Nyangores, mikaratusi inayopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya chai, na bustani ya miti ya Chagaik, iliyo nje kidogo ya mji wa Kericho.

Vipande hivyo humfaa vipi buibui?

Kwanza, tuanze na tumbo lake. Buibui hatafuni. Humwagia windo lake majimaji yanayoliyeyusha, kisha hufyonza. Anaweza kukaa siku nyingi bila kula, lakini njaa ina gharama: hukua polepole, hubaki mdogo, na jike hutaga mayai machache. Akishiba, ziada yote huelekezwa kwenye mayai.

Mti humpa mambo matatu. Matawi ni nguzo za kufungia utando. Maua na majani huvuta nzi, nondo na wadudu wengine. Nayo magome yaliyobanduka, majani yaliyojikunja na takataka za majani chini ya mti ni maficho ya kifuko cha mayai dhidi ya mvua, jua na maadui.

Shamba la chai halina utulivu huo. Majani huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, na kila baada ya miaka michache vichaka hupogolewa hadi vikabaki vijiti. Tando hukatika na vifuko vya mayai huharibiwa.

Hapo ndipo msitu ulio karibu huwa ghala la akiba. Vitoto vya buibui vinapoanguliwa, hupanda mahali pa juu, hutoa uzi mwembamba na kupeperushwa na upepo hadi makao mapya. Msitu ukiwa jirani, shamba lililopogolewa hupata wageni upesi.

Mkulima hunufaika, kwani buibui hula wadudu wengi wanaoshambulia mimea, wakiwemo vidukari. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa buibui wote duniani hula kati ya tani milioni 400 na milioni 800 za mawindo kwa mwaka.

MITI SI SAWA

Hata hivyo, si kila kundi la miti ni msitu kamili. Chini ya mikaratusi iliyopandwa kwa safu, mara nyingi mimea ya chini huwa michache, na pasipo vichaka na maua ya namna mbalimbali mawindo nayo hupungua. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Sababu yake ilikuwa maji, lakini miti ya kiasili ikirudishwa mahali hapo, buibui naye hupata nafasi.

Wala mji wenyewe si adui wa kila buibui. Watafiti wa Sydney, Australia, walichapisha mwaka 2014 matokeo kuhusu aina moja ya buibui wanaofuma utando mkubwa wa mviringo. Waligundua kuwa wale waliokaa penye saruji na lami nyingi walikuwa na miili mikubwa kuliko wenzao wa penye mimea mingi. Joto la mji na taa zinazovuta wadudu usiku ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Lakini hiyo ni aina moja inayostahimili mji. Zipo nyingine zinazotoweka kivuli na unyevu vikiisha.

Mfano wa karibu nasi zaidi upo Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Huko huishi buibui mdogo mrukaji aitwaye kisayansi Evarcha culicivora, ambaye hupatikana kwenye vigogo vya miti na kuta za nyumba za watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulithibitisha kuwa humpendelea mbu jike aliyeshiba damu kuliko mawindo mengine.

Ajabu zaidi ilifichuliwa mwaka 2009: buibui aliyekula mbu wa aina hiyo hupata harufu inayomvutia mwenzi wa jinsia ya pili. Akibadilishiwa chakula, mvuto huo hupotea. Hivyo mlo wake na ndoa yake havitenganishwi, na vyote viwili hutegemea mahali anapoishi. Aidha, huvutiwa na harufu ya lantana na mbarika, mimea inayoota ovyo karibu na makazi.

Mkazi wa nyanda za chai, ambako milipuko ya malaria imewahi kuwatesa wafanyakazi wa mashambani, asidhani kwamba buibui atachukua nafasi ya chandarua. Buibui huyo anajulikana katika ukanda wa ziwa, na hata huko kinga ya kwanza hubaki chandarua na matibabu ya mapema.

Funzo ni jingine. Anayefyeka kichaka cha mwisho kando ya mto ili kuongeza safu chache za chai, au kusafisha kiwanja mjini, haondoi kuni na kivuli tu. Huondoa pia walinzi wasiolipwa mshahara, pamoja na mayai ya walinzi wa msimu ujao.