Khayega: Ngoma yataka njia yake

Jumamosi moja, jua likiisha kuchwa, nilikuwa nimekaa Khayega katika mkahawa mdogo unaoelekea barabara kuu, nikinywa chai ya maziwa. Khayega si mji mkubwa. Ni soko lililokaa juu ya barabara itokayo Kisumu, ikapita Majengo, Mbale na Chavakali, ikaenda zake Kakamega, na kutoka hapo Webuye na Kitale. Hapa ndipo njia ya Shinyalu inapochepuka kuelekea msitu wa Kakamega, na kwa hivyo wageni wengi waendao kutazama ndege na mbega hawana budi kuupitia mji huu.

Mchana Khayega ni soko, lakini usiku ni jambo jingine. Taa za mabaa huwaka, muziki hutoka kila mlango, moshi wa nyama choma hutanda, na akina mama wauzao mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga husogeza meza zao hadi ukingoni mwa lami. Vijana wa bodaboda hujipanga njia panda wakingoja abiria. Watu wote hao, wanywao na wasiokunywa, wanunuao na wapitao, hugawana kipande kimoja cha lami na malori yasiyokuwa na haja yoyote na Khayega ila kuipita.

Nikiwa katika hali hiyo nikasikia ngoma. Asubuhi ya siku ile mafahali walikuwa wamepiganishwa, kama ilivyo desturi ya Waisukha na majirani zao Waidakho, na watu wa fahali aliyeshinda walikuwa hawajachoka kushangilia. Walikuja kwa isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Wachezaji walikuwa wakitingisha mabega, wanawake kwa wanaume, na watoto wakikimbia mbele.

Walipofika kwenye lami, lori likapiga honi. Taa zake zikawamulika wote, ngoma ikanyamaza ghafla, na watu wakamwagika mtaroni. Mama mmoja alimvuta mtoto kwa ukosi wa shati. Lori likapita, upepo wake ukapeperusha leso za wanawake, halafu ngoma ikaanza tena, lakini kwa kusitasita kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Nilihesabu. Ngoma ile ilinyamaza mara nne kabla ya kulivuka soko.

Kando yangu alikuwa ameketi mzee aliyekuwa mpigaji wa ngoma ujanani mwake. Nikamwuliza, "Mzee, je, ilikuwa hivi tangu zamani?"

Akacheka. "Hapana, ndugu yangu. Zamani gari lilikuwa moja moja, na dereva akiona fahali huteremka akatazama. Siku hizi vijana wetu wanapenda kupigia ngoma chini ya hema, kwenye harusi za watu wakubwa au mikutano ya siasa. Huko wamesimama mahali pamoja, na kuna malipo. Lakini isukuti si ngoma ya kusimama. Isukuti hutembea."

Neno hilo la mwisho lilinikaa moyoni. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotajwa zinajulikana: wajuzi wake wengi ni wazee, vijana hawarithi kama inavyopasa, na ngoma haichezwi mara nyingi kama zamani. Mimi naongeza sababu ambayo mtu huiona akikaa Khayega usiku mmoja tu. Ngoma inayotembea imenyang'anywa pa kutembea. Hulinda ngoma kwa kuiandika katika daftari la Paris, ilhali huku nyumbani haina hata hatua mia za njia.

Ndiyo maana nasema leo, na najua wapo watakaonicheka, kwamba Khayega inahitaji njia ya watu peke yao, angalau usiku wa Jumamosi na siku za sikukuu. Mji wenye wageni, ngoma na pilikapilika za usiku haufai kuwafanya watu wake wawe wageni katika barabara yao wenyewe.

Huenda msomaji akaniambia kuwa huo ni ugonjwa wa mtu wa pwani. Ni kweli kwamba sisi wa pwani tumezoea miji ya miguu. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Katika Usita wa Mui, ile njia kuu yake, watu hukutana bega kwa bega, na mwenye haraka husema "hodi" au "nipishe". Pale magharibi ikiingia utaona watoto wakitoka chuoni na vitabu vyao, na hakuna mzazi anayehofia gari. Hata hivyo nasi tusijivune. Pikipiki zimefika Lamu pia, na mabishano juu yake si madogo.

Lakini sikuja na Lamu kuwa mfano, kwa kuwa Lamu haikuondoa magari. Yalikuta njia ni nyembamba yakashindwa. Mfano ufaao zaidi ni wa mji uliokuwa na magari kisha ukaamua. Huo ni Kigali.

Mwezi wa Agosti mwaka 2015, wakuu wa Kigali waliifunga barabara moja katikati ya mji, iitwayo KN 4, isipitiwe na magari. Wenye maduka walilalamika kwamba wateja wamepungua, na hawakusema uwongo. Kwa miaka kadhaa mahali pale palikuwa uwanja mtupu wenye jua kali. Magari yameondoka, lakini watu hawajaletewa kitu cha kuwakalisha. Ndipo palipopandwa miti, pakawekwa viti, taa na njia ya baiskeli, na mwaka 2022 pakafunguliwa upya kwa jina la Imbuga City Walk. Sasa watu huenda pale jioni kupunga upepo.

Mwaka 2021, wakati korona ilipokuwa imewafungia watu wa mikahawa riziki zao, Kigali ilifanya jambo jingine. Kule Gisimenti, katika Remera, penye mabaa mengi, njia ilifungiwa magari mwisho wa juma ili meza zitoke nje, watu wakae mbalimbali kwenye hewa. Na kule Biryogo, mtaa wa kale wa Waislamu ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi, njia zilipakwa rangi, viti vikatolewa, na watu wakawa wanakaa barabarani kwa chai na nyama ya kuchoma. Furaha ya Gisimenti ni ya bia na ile ya Biryogo ni ya chai, lakini njia iliyotengwa kwa miguu imezifaa zote mbili.

Jambo hili si geni duniani pia. Huko Copenhagen, nchini Denmark, barabara ya Strøget ilifungiwa magari mwaka 1962, na wenye maduka walihofia kufilisika. Leo ni katika njia zenye biashara kubwa kabisa mjini humo. Mtu aendaye kwa miguu ndiye asimamaye dukani. Aliye ndani ya lori hununua nini Khayega?

Hapa kwetu Kenya tuna somo la upande wa pili. Mapema mwaka 2019 ilitangazwa kwamba katikati ya Nairobi hapataingia magari siku za Jumatano na Jumamosi. Tangazo likatoka kabla ya mipango. Watu wakauliza matatu zitashusha wapi, wagonjwa na wazee watafikaje, na jambo zima likaahirishwa. Katika mwaka huohuo, barabara ya Luthuli hukohuko Nairobi ilitengenezwa upya kwa utulivu: magari yakaachiwa mwelekeo mmoja, na wenda kwa miguu wakaongezewa nafasi. Tangazo la kishindo halikufika popote. Kazi ya taratibu ilifika.

Basi Khayega ifanyeje? Kwanza tukubaliane kwamba barabara kuu haiwezi kufungwa. Ni mshipa wa nchi. Ndiyo ipitishayo mgonjwa, mahindi na mafuta. Tena kwa Katiba ya mwaka 2010, barabara kuu za taifa ni kazi ya serikali ya taifa. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Jedwali lake la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho, leseni za pombe, na shughuli za utamaduni na burudani. Tazama vizuri orodha hiyo, ndugu msomaji: ndiyo maisha yote ya usiku wa Khayega.

Kwa hiyo pachaguliwe njia moja ya ndani, pembeni mwa soko, mbali na lami kuu. Kuanzia saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi hadi saa sita usiku iwekewe vigingi vya kuondoleka, ili gari la wagonjwa likija lipishwe mara moja. Wachoma nyama na akina mama wa mahindi wapewe nafasi humo kwanza, kabla ya mwenye baa kubwa, na wasitozwe ada mpya ya kuwafukuza kwa mlango wa nyuma. Bodaboda wapewe vituo viwili, kila ncha ya njia kimoja, kwa kuwa hao nao wana watoto wa kulisha, na anayetoka kwenye starehe huhitaji kufika nyumbani. Taa ziwe za kutosha. Na muziki uwe na saa ya kuzimwa, maana nyuma ya kila baa yuko mtoto anayetaka kulala.

Kisha isukuti ipewe njia hiyo bila kuomba ruhusa. Washangiliaji wa fahali wakitoka uwanjani, waingie humo na ngoma zao, watembee kama ngoma inavyotaka, na mgeni aliyekuja kutazama msitu aone kwamba hapa pana watu vilevile. Wazee wa Isukha waulizwe ipite wapi na saa ngapi, kwa kuwa wao ndio wenye ngoma. Isije ikageuzwa mchezo wa kupigiwa picha tu.

Najua hoja nitakayoletewa: mtu mwenye elimu ya chuoni anatetea njia ya walevi? La hasha. Sitetei pombe, sijapata kuinywa na sitarajii. Lakini mlevi naye ni mtoto wa mtu, na kugongwa na lori si adhabu iliyowekwa na dini wala na sheria. Tena wengi wanaogongwa hawakunywa chochote. Tangu mwaka 2021, kwa mujibu wa hesabu za wakuu wa usalama barabarani, nchi yetu imekuwa ikipoteza watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka barabarani, na takriban thuluthi yao ni wenda kwa miguu. Hao ndio wengi kupita kundi lolote jingine. Mama auzaye samaki kwenye ukingo wa lami amo katika hatari hiyo kila siku Mungu aliyoiumba.

Chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa njiani lenye kudhuru ni tawi la imani. Tulipokuwa wadogo tulidhani maana yake ni mwiba na jiwe, tukaokota miba kwa bidii tukitafuta thawabu. Tulifundishwa vilevile kwamba njia ina haki zake, na kwamba mtu akikaa barazani huwa na wajibu kwa wapitao: kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema. Sasa nimekuwa mtu mzima naona kwamba lenye kudhuru huweza kuwa na magurudumu kumi na taa mbili, na kuliondoa si kazi ya mtoto mmoja bali ya mji mzima na wakuu wake.

Nilipoinuka kwenda kulala, yule mzee alinishika mkono akaniambia, "Ukiandika, uandike kwamba hatukatai magari." Nimeandika, mzee. Magari yapite yendako. Ila wakuu wa Kakamega, wazee wa Isukha na wenye maduka wa Khayega na wakae kikao kimoja, watazame mji wao usiku, wahesabu kama nilivyohesabu mimi. Ngoma iliyonyamazishwa mara nne katika kipande cha soko moja haitachukua miaka mingi kunyamaza kabisa, na siku hiyo orodha ya Paris haitatusaidia kitu.