Cheti cha Kidato cha Nne na Kazi ya Mtendaji

Katika Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima Hanang wamo watu wazima walioishia darasa la saba, nao waandika barua vizuri, wajua hesabu, na huamua magomvi ya mashamba na malisho bila kuchoka. Kwa nini hawaajiriwi kuwa watendaji wa kijiji? Twapenda kueleza.

Tangu tarehe 20 Mei 2004 Serikali ya Tanzania yataka kila anayeajiriwa awe amefaulu kidato cha nne. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na cheti hupimwa upesi. Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, lina kumbukumbu za watahiniwa, basi cheti cha uongo hujulikana. Mwezi wa Aprili 2017, huko Dodoma, Rais Magufuli alipokea majina ya watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi.

Lakini chekeche hilo liliwaangusha na wasio na hatia. Wako wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe ile ya 2004, wala hawakumdanganya mtu, nao wakaondolewa kazini. Mwaka 2018 Serikali ikaamuru warudishwe. Cheti chaonyesha kwamba mtu alifaulu mtihani. Kama aweza kuwapatanisha wafugaji wawili walioshika fimbo, hilo hakisemi.

Aliyeajiriwa zamani na aitunze barua yake ya kwanza ya kazi, maana tarehe yake ndiyo shahidi. Naye kijana asiye na cheti aweza kufanya mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.