Je, Wajua? Maswali ya Kagera Ambayo Amin Hakuketishwa Kujibu

Je, wajua kwamba Idi Amin, aliyekuwa rais wa Uganda, alifariki bila mahakama wala tume yoyote kumweka kitako aeleze askari wake walifanya nini Kagera, Tanzania? Hapa Keko, Dar es Salaam, kijana anayedaiwa kuiba simu anaweza kukaa miezi katika gereza la mahabusu tunalolipita kila siku, akisubiri kesi yake isikilizwe. Amin, aliyetwaa ardhi ya watu kwa vifaru, aliishi Saudi Arabia zaidi ya miaka 20, akafia hospitalini Jeddah Agosti 16, 2003.

Je, wajua uvamizi wenyewe ulikuwaje? Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Uganda liliingia Tanzania kupitia Mutukula, mpakani. Novemba 1 Amin akatangaza kuwa eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilometa za mraba zipatazo 1,800, sasa ni mali ya Uganda, na redio yake ikajigamba kwamba kazi hiyo ilichukua dakika 25. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Raia waliouawa wanakadiriwa kufikia 1,500. Wanawake walibakwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Ukifika Kyaka leo, gofu la kanisa lililopigwa mabomu bado limesimama.

Maswali basi yalikuwa tayari. Nani alitoa amri ya kuingia vijijini? Ng'ombe walipofika Uganda, waligawiwa nani? Yupo askari hata mmoja aliyeadhibiwa? Sheria ya vita haimbani kiongozi kwa amri alizotoa tu. Humbana pia kwa uovu alioujua akauacha uendelee. Na Amin asingeweza kusema hakuwa na habari, maana tambo zilitoka kwake mwenyewe.

Je, wajua kwamba Saddam Hussein, aliyefanya jambo linalofanana sana na hilo, aliulizwa? Aliivamia Kuwait Agosti 2, 1990 na kuitangaza mkoa wa 19 wa Irak. Alipokamatwa Desemba 2003, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilimpeleka kwake George Piro, mzaliwa wa Lebanon anayezungumza Kiarabu. Walikaa ana kwa ana kwa miezi kadhaa ya mwaka 2004, vikao rasmi 20, na Kuwait ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyajadili. Hata hivyo Saddam alinyongwa Desemba 2006 kwa mauaji ya watu 148 wa Dujail, mji wa Irak yenyewe. Kwa Kuwait hakuhukumiwa kamwe.

Je, wajua kwamba Amin aliwahi kunaswa? Januari 1989 alitua Kinshasa na pasipoti ya bandia, akatambuliwa. Zaire ikamfukuza, naye mwishowe akarudi Jeddah. Nafasi ile ya kumhoji ilipotea mchana kweupe.

Je, wajua kwamba Tanzania imewahi kuwa mahali pa mahojiano ya namna hii? Jean Kambanda, waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alikamatwa Nairobi mwaka 1997, kisha akahojiwa Dodoma na wapelelezi wa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha. Maelezo yake yaliyorekodiwa yalikaribia saa 90. Alikiri kosa, na Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Wenye kudai kwamba wakubwa hawahojiki hapa kwetu wakumbuke hilo.

Na je, wajua nani alilipa? Kwa hasara za Kuwait, Umoja wa Mataifa uliunda chombo maalumu kilichokata sehemu ya mapato ya mafuta ya Irak hadi mwaka 2022, jumla ya dola bilioni 52.4. Kagera haikupata chombo kama hicho. Baada ya Kampala kuanguka mikononi mwa jeshi la Tanzania Aprili 11, 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilikwisha, shida ikabaki. Hasara ya vita ile ililipwa na watu wa kawaida, wakiwemo wazee wa Keko waliopanga foleni alfajiri kwa kilo moja ya sukari na mche wa sabuni.