Kuku mgeni na kamba mguuni: Hekima ya kuwatenga kuku wapya kabla ya kuwachanganya na wenyeji

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walituachia methali isemayo kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsema binadamu: mfanyakazi mpya ofisini, bi harusi aliyefika ukweni juzi, au mwanafunzi aliyehamia shule nyingine ambaye, hata akijitahidi vipi, ugeni wake hujulikana.

Ni wachache wetu wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa fumbo, maneno hayo yalikuwa maelezo ya jambo halisi lililotendeka uani. Kuku aliyeletwa kutoka kwingine alifungwa kamba kwenye kigingi kwa siku kadhaa ili asitoroke, hadi alipozoea boma lake jipya na wenyeji nao wakamzoea.

Mwandishi wa makala haya aliisahau hekima hiyo, na gharama yake ikawa banda zima.

Kundi letu lilianza mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona na watoto wakakosa la kufanya. Tulianza na mitetea watatu wa kienyeji na jogoo mmoja katika ua mdogo viungani mwa jiji la Nairobi. Nia yetu ilikuwa mayai tu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, kila kuku alikuwa na jina lake na tabia zake zilizojulikana na nyumba nzima.

Mkuu wao alikuwa Shangazi, mtetea wa kishingo mwenye madoadoa. Watoto walimpa jina hilo kwa kuwa hapakutendeka jambo lolote uani bila yeye kutoa maoni. Kila alfajiri alikuja mlangoni pa jikoni kudai haki yake, na mara tatu aliatamia na kuangua vifaranga aliowalea kwa ukali ambao hata paka wa jirani aliuheshimu.

Mwishoni mwa Desemba 2022, tukirejea kutoka kijijini baada ya Krismasi, tulinunua tembe wanne, yaani kuku wachanga ambao hawajaanza kutaga, katika soko moja kando ya barabara kuu. Walikuwa wachangamfu na manyoya yao yalikuwa laini. Jioni ile ile niliwafungulia bandani pamoja na wenyeji.

Siku ya sita mmoja wa wageni alijikunyata pembeni na kukataa chakula. Siku ya nane wenyeji wakaanza kuhara kinyesi cha kijani. Kabla ya wiki mbili kwisha, kati ya kuku 27 walikuwa wamesalia wawili. Shangazi alikuwa miongoni mwa wa mwisho kufa, shingo imempinda, akizunguka mahali pamoja kama aliyepotewa na njia.

Mtoto wetu wa mwisho aliuliza ugonjwa ule uliletwa na nani. Sikuwa na wa kumsingizia.

Adui ndani ya tenga

Ugonjwa huo ni Newcastle, ambao sehemu nyingi za Afrika Mashariki huitwa kideri au mdondo. Jina lake latokana na mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, ambako ulizuka mwaka 1926. Husababishwa na virusi vinavyoenezwa na kinyesi, makamasi na mate ya kuku mgonjwa, na hata na viatu, magunia na vyombo vya mfugaji.

Jambo linalowaponza wengi ni muda wa ugonjwa kujificha. Kuku aliyeambukizwa huweza kukaa kati ya siku 2 na 15 kabla ya dalili kuonekana. Kwa hivyo, kuku anayeonekana mzima sokoni leo huenda akawa tayari ameubeba ugonjwa. Muuzaji naye huenda hajui lolote.

Dalili zenyewe ni pamoja na kuhema kwa shida huku mdomo ukiwa wazi, kuhara kijani, mabawa kulegea, kupooza miguu na shingo kupinda. Wakati mwingine kuku hufa ghafla bila ya dalili yoyote. Ugonjwa huu hauna tiba, na katika kundi ambalo halijachanjwa huweza kuua karibu kuku wote.

Soko la kuku ni mahali pa hatari kwa sababu ndege kutoka maboma mengi hutiwa katika tenga moja. Isitoshe, wapo wafugaji ambao wakiona kuku wa kwanza amekufa huharakisha kuwauza waliosalia kabla hasara haijawa kubwa. Msimu wa sikukuu, kuku wanaposafirishwa kwa wingi kutoka kaunti moja hadi nyingine, ugonjwa nao hupata nauli ya bure.

Newcastle si adui pekee. Wapo kuku waliougua homa ya matumbo ya kuku au maradhi ya kupumua wakapona, lakini wakabaki na vijidudu mwilini vinavyoweza kuwaambukiza wenzao. Aidha, utitiri, chawa na viroboto husafiri chini ya mabawa bila kuonekana na mnunuzi mwenye haraka.

Pamoja na hatari hizo zote, mfugaji hawezi kulifunga kundi lake milele. Jogoo mmoja akiachwa miaka mingi atawapanda binti zake na wajukuu zake, na matokeo huwa ni vifaranga dhaifu na mayai yasiyoanguliwa. Damu mpya ni lazima. Swali ni jinsi ya kuileta.

Kamba ya siku 30

Kamba ya zamani ilimzuia kuku asitoroke, lakini haikuzuia ugonjwa, kwani mgeni alichakura katika ua ule ule pamoja na wenyeji. Mfugaji wa leo anahitaji kamba ya aina nyingine, nayo ni muda. Kuku wapya watengwe kwa wiki tatu kwa uchache, na ikiwezekana siku 30.

Pahali pa kuwatenga pawe mbali na banda kuu kadiri ua unavyoruhusu. Si lazima kujenga nyumba ya pili. Kizimba cha mbao na waya chenye paa lisilovuja, au stoo yenye hewa ya kutosha, huweza kutumika. La muhimu ni kwamba vyombo vya maji na chakula visishirikishwe, na mbolea ya upande mmoja isipitishwe upande wa pili.

Mhudumu na aanze kila siku na kuku wa zamani, kisha amalizie na wageni, wala asirudi nyuma. Awe na viatu vya kuvaa kwa wageni pekee, na anawe mikono kwa sabuni atokapo huko. Mambo haya yaonekana madogo, lakini ndiyo yanayotofautisha karantini na mchezo wa kuigiza.

Siku ya kwanza mkague kila kuku. Mfunue manyoya chini ya mabawa na kuzunguka kinyeo kutafuta chawa na utitiri. Tazama macho kama yana machozi, pua kama ina makamasi, na miguu kama magamba yake yameinuka. Katika kipindi hiki pia ndipo wageni hupewa dawa ya minyoo.

Mmoja wao akiugua, usiharakishe kumchinja na kumpika, wala usimrejeshe sokoni. Mwite afisa wa mifugo wa kaunti, kwani huduma hizo zimekuwa chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Mizoga ichomwe au izikwe katika shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua.

Chanjo haingoji mgeni

Kinga iliyo bora ni kuwachanja wenyeji kabla ya mgeni kununuliwa. Chanjo ya Newcastle hutengenezwa humu nchini na Taasisi ya Kutengeneza Chanjo za Mifugo, KEVEVAPI, na kwa kawaida hutiwa kama tone katika jicho moja la kuku au huchanganywa katika maji ya kunywa. Hurudiwa kila baada ya miezi michache, kwa kufuata ratiba ya daktari wa mifugo.

Mwili wa kuku huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga. Ndiyo maana kumchanja kuku leo na kumleta mgeni kesho ni sawa na kufunga mlango mwizi akiwa sebuleni. Chanjo vilevile haimwokoi kuku ambaye ameshaambukizwa.

Kikwazo kwa mfugaji mdogo ni kwamba chupa moja huwa na dozi nyingi, ilhali yeye ana kuku kumi tu. Chanjo ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho, bali hutumiwa katika muda wa saa chache. Suluhisho ni majirani kukubaliana siku moja, wanunue chupa kwa pamoja, waibebe katika chombo chenye barafu na wachanje mtaa mzima. Wote hunufaika, kwani kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa kuku wako.

Ngazi ya madaraka

Wageni wakishamaliza karantini wakiwa wazima, mtihani wa pili huanza. Mapema katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alipenda kuwatazama kuku tangu utotoni, alieleza kwamba kuku huishi kwa ngazi ya madaraka. Yupo anayewadonoa wengine wote bila kudonolewa, na yupo mnyonge anayedonolewa na kila mmoja. Ngazi hiyo ikishakubalika, kundi hutulia, kwa sababu kila kuku humjua mwenzake na nafasi yake.

Kuongeza kuku mpya ni kuivunja ngazi hiyo na kuwalazimisha wote waijenge upya. Vita vinavyofuata si ubaya wa moyo. Ni siasa za bandani, na kazi ya mfugaji ni kuhakikisha hazimwagi damu.

Kwanza, usilete mgeni mmoja pekee, maana mateso yote yatamwangukia yeye. Wawili au watatu hugawana mzigo huo. Pili, wawe wamekaribiana kimo na wenyeji. Tembe mdogo akitiwa kati ya mitetea waliokomaa ataumizwa.

Tatu, kwa muda wa wiki moja watenganishwe kwa waya tu, waonane na kusikiana bila kufikiana. Nne, wachanganywe usiku kwa kuwaweka juu ya fito za kulalia penye wenyeji, kwa kuwa kuku haoni vyema gizani na hapigani. Alfajiri wataamka pamoja, na ghadhabu huwa imepungua ingawa haijakwisha.

Tano, ongeza vyombo vya chakula na maji, na uviweke mbali mbali ili mbabe asivilinde vyote. Weka matawi au kreti kuukuu ambazo mnyonge ataweza kujificha nyuma yake. Ndani ya banda, kuku wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba wanatosha, kwani msongamano huzidisha ugomvi.

Mikwaruzano ya siku chache ni ya kawaida. Damu si ya kawaida. Kuku huvutiwa na wekundu, na jeraha dogo huweza kudonolewa hadi likaua. Aliyejeruhiwa aondolewe mara moja, na kidonda kipakwe dawa ya GV, ambayo rangi yake ya zambarau huuficha wekundu huo.

Ipo njia nyingine iliyo ya upole zaidi, nayo ni kuleta mayai badala ya kuku. Mayai yenye mbegu kutoka kwa mfugaji unayemwamini huwekwa chini ya mtetea anayeatamia, na baada ya siku 21 vifaranga huzaliwa wakiwa wenyeji. Hata hivyo, yapo maradhi yapitayo ndani ya yai, kwa hivyo afya ya kundi yatokako mayai bado ni jambo la kuulizia.

Mapenzi na subira

Wapo watakaocheka kwamba mtu mzima amemlilia kuku. Lakini katika nyumba nyingi za Kenya kuku ni zaidi ya kitoweo. Ni akiba ya karo, ni heshima ya mgeni, ni dawa inayonunuliwa usiku mtoto anapougua. Anayekufa kwa kideri huondoka na hayo yote, na mtoto aliyempa jina hupoteza rafiki.

Kosa langu halikuwa kutowapenda. Niliwapenda wa zamani kiasi cha kutamani wawe wengi upesi, na niliwahurumia wageni nikaona ni ukatili kuwafungia peke yao usiku wa kwanza. Huruma ile ndiyo iliyowaua wote.

Baada ya mkasa huo tulichoma matandiko, tukaosha banda kwa dawa na kungoja miezi mitatu. Waliosalia, jogoo mmoja na binti yake Shangazi, walichanjwa. Kisha tukanunua tembe watatu kutoka kwa mfugaji anayechanja kundi lake, tukawatenga nyuma ya nyumba.

Watoto walimfunga kila mgeni uzi wa buluu mguuni na kuhesabu siku ukutani kwa mkaa. Siku ya 30 ndipo uzi ulipokatwa. Tangu wakati huo, hakuna kuku aliyeingia banda lile bila ya uzi huo, na watoto hawakubali ukatwe hata siku moja kabla ya wakati wake.