Asiyekutazama Machoni Si Lazima Awe Mwongo

  Mimi ni yule yule muuguzi wenu wa afya ya jamii. Wiki iliyopita tuliongea juu ya kuhara kwa watoto. Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya: jinsi tunavyomsoma mtu kwa macho, mikono na uso wake anapohojiwa na mwandishi wa habari, na hatari inayompata mtu ambaye ubongo wake hufanya kazi tofauti na wa wengi wetu.

Nitaanza na kisa. Majina na kijiji nimeyaficha kwa kuwa wenyewe bado tunaishi nao.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, miaka kadhaa iliyopita. Mbuzi 7 wa mzee mmoja walikosekana jioni, na mtu wa mwisho kuonekana karibu na zizi alikuwa kijana wa miaka 19. Asubuhi yake mwandishi wa kituo kimoja cha redio alikuwa amefika pale kwa habari ya ukame. Alisikia zogo, akamfuata kijana na kinasa sauti chake. Watu waliwazunguka kama wanaotazama mpira. Mahojiano yale yalitangazwa siku hiyo hiyo, nami niliyasikia nikiwa jikoni nasonga ugali.

Mwandishi aliuliza, "Uliwachukua mbuzi?" Kijana akasema, "Uliwachukua mbuzi." Mwandishi akasema, "Nakuuliza wewe!" Kijana akasema, "Nakuuliza wewe." Watu wakacheka. Akaulizwa kama ana mkono mrefu. Wewe na mimi tunajua kwamba mtu mwenye mkono mrefu ni mwizi, lakini yeye alinyoosha mkono wake akautazama. Hilo mwandishi ndiye alitueleza, maana redioni hatuoni. Mwisho akaulizwa kwa ukali, "Kwa hiyo ni ndiyo?" Naye akajibu, "Ni ndiyo."

Kisha mwandishi akatugeukia sisi tunaosikiliza: "Hawezi kunitazama machoni, anatabasamu, anajitikisa mbele na nyuma. Amueni wenyewe."

Ugali wangu uliungua. Kijana yule nilimfahamu tangu akiwa mdogo, kwa sababu mama yake alikuwa akimleta kwenye kliniki yetu ya kuhamahama. Ana usonji. Usiku ule vijana watano walikwenda kwao na rungu. Kama mzee wa kijiji hangesimama mlangoni, na kama mjomba hangemtoa kijana kwa nyuma ya boma, leo ningekuwa naeleza habari ya mazishi.

Usonji ni nini? Si ugonjwa wa kuambukizwa, si laana wala majini, na hautokani na malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu mtoto akiwa tumboni. Daktari Leo Kanner huko Marekani aliandika juu ya watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, lakini hakuna shaka kwamba watu kama hao wamekuwako siku zote, kwetu na kwao. Wenye usonji hawafanani. Kuna asiyesema neno hata moja, na kuna aliyesoma mpaka chuo kikuu akaajiriwa. Wengi wao hupata shida katika mazungumzo ya ana kwa ana, hushikilia sana utaratibu waliouzoea, na masikio au ngozi zao huhisi kelele na kuguswa kuliko sisi.

Sasa turudi kwenye yale mahojiano, tukiwa na ujuzi huo.

Kurudia maneno ya mwulizaji kama mwangwi ni jambo la kawaida kwa baadhi ya watu wenye usonji, hasa wakiwa na hofu. Wakati mwingine ni njia ya kulishika swali wakati jibu linatafutwa. Wakati mwingine ndiyo sauti pekee inayopatikana kinywani. Angalia tena maneno yenyewe. Mtu anayekiri husema "niliwachukua". Kijana alisema "uliwachukua", vile vile alivyolisikia. Hata ile "ni ndiyo" iliyotaka kumwua ilikuwa maneno ya mwandishi yakimrudia mwenyewe. Kijiji kizima kilisikia, na kila mmoja wetu anajua tofauti ya "ni" na "u", lakini hasira haisikilizi sarufi.

Kujitikisa, kupunga vidole au kuzungusha kitu mkononi humtuliza mtu kama huyo, kama vile wewe unavyotingisha mguu ukisubiri kuitwa kwa daktari. Kadiri kelele inavyozidi, ndivyo atakavyojitikisa. Tabasamu nalo linaweza kutoka bila furaha. Wapo wanaotabasamu au hata kucheka wakiogopa, na hilo haliwapati wenye usonji peke yao. Nimewaona watu wazima wakicheka wodini dakika chache baada ya kufiwa. Macho je? Watu wazima wenye usonji wanaoweza kueleza husema kwamba kumtazama mtu machoni huku wakimsikiliza ni kazi mbili kwa wakati mmoja, na baadhi husema kwamba kunawaumiza hasa. Akiangalia chini huenda ndipo anapokusikia vizuri zaidi.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Nilipokuwa mgeni kazini niliandika neno "mkaidi" kwenye kadi ya msichana ambaye hakunijibu wala kunitazama. Alikuwa ananisikia. Alihitaji muda tu, labda sekunde 10 au 15 kwa kila swali, nami nilikuwa na foleni ya akina mama arubaini nje. Neno lile lilibaki kwenye kadi, na kila muuguzi aliyefuata alilisoma kabla ya kumwona mtoto.

Tena jambo la macho linanishangaza hapa kwetu. Katika jamii zetu nyingi za Isiolo, iwe ni Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana au Wameru, kijana akiinamisha macho mbele ya mzee tunasema ana adabu. Mke wa mwana akimkodolea macho baba mkwe tunasema hana haya. Lakini kijana huyo huyo, mbele ya maikrofoni, akiinamisha macho tunasema ameficha kitu. Tumetoa wapi kanuni hii ya pili? Nadhani ni kwenye sinema za wapelelezi.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya kuwauliza watu katika nchi 58 jinsi wanavyomtambua mwongo, na jibu lililoongoza lilikuwa kwamba mwongo hakutazami machoni. Mwaka huo huo watafiti wawili wa Marekani walikusanya majaribio ya miaka mingi, ambamo zaidi ya watu 24,000 walipewa kazi ya kutambua nani anadanganya na nani anasema kweli. Walipatia mara 54 kwa kila 100. Ukirusha shilingi hewani utapatia mara 50. Na mwaka 2021 watafiti wa Australia walionyesha watu video za mahojiano ya watu wazima wenye usonji na wasio nao. Wote waliohojiwa walikuwa wanasema kweli, lakini wale wenye usonji walionekana waongo zaidi na wasioaminika.

Usidhani shida hii huwapata wenye usonji tu. Mwenye kigugumizi husitasita. Mwenye aina fulani ya kifafa huweza kukodoa macho sekunde chache bila kujua ameulizwa nini. Yupo anayepepesa macho au kurusha shingo bila hiari yake. Na hata mtu asiye na hali yoyote kati ya hizo anaweza kuangamizwa na uso wake. Huko Australia, Agosti 1980, mama aitwaye Lindy Chamberlain alipiga kambi na familia yake karibu na jabali la Uluru. Usiku mtoto wake Azaria, wa wiki tisa, alitoweka hemani. Mama alisema amechukuliwa na dingo, mbwa wa mwituni wa huko. Sisi tunaomjua fisi tungemwelewa upesi. Lakini alipohojiwa kwenye televisheni alieleza mambo kwa utulivu, na watu wakauliza ni mama gani huyu asiyelia. Mwaka 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumwua mwanawe. Ni kweli mahakamani kulikuwa na ushahidi wa maabara, ambao baadaye ulionekana mbovu, lakini nchi ilikuwa imeshamhukumu kwenye viti vya sebuleni. Mwaka 1986 koti dogo la mtoto lilipatikana karibu na mapango ya dingo, akaachiliwa. Hukumu ikafutwa mwaka 1988. Mwaka 2012, miaka 32 baada ya kifo, ndipo mchunguzi wa vifo alipoandika rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua Azaria.

Siku hizi mambo ni mepesi zaidi, maana huhitaji televisheni. Video ya dakika moja huzunguka kwenye simu kabla mzee wa kijiji hajaitwa.

Wewe mwandishi wa habari, najua una haraka na mhariri anakusubiri. Nakuomba machache. Kabla ya kuwasha kinasa sauti, mwulize mtu wa nyumbani kwake: huyu huongea namna gani siku za kawaida? Ukiambiwa kwamba kila siku hajitazamishi na watu, basi leo kutokutazama hakujakuambia lolote. Mtoe kwenye umati. Uliza swali moja, fupi, bila mafumbo, kisha nyamaza, uhesabu moyoni mpaka 15. Usiulize swali ambalo jibu lake liko ndani ya swali. Uliza "mbuzi wako wapi?" badala ya "uliwachukua mbuzi?" Akirudia maneno yako, hajajibu bado. Usimshike mkono wala bega. Na akiziba masikio, mahojiano yamekwisha.

Sheria nayo iko upande wa subira. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 54 kinataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na atajwe kwa namna isiyomdhalilisha. Na kwa sheria ya ushahidi ya Kenya, kukiri kosa hakukubaliki mahakamani ila kuwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na kwa polisi awepo mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. "Ni ndiyo" iliyosemwa mbele ya maikrofoni na umati haimo.

Wale mbuzi walipatikana siku ya tatu. Mama yake ndiye aliyemwuliza kijana, usiku, taa ikiwa imezimwa, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kuongea. Hakumwuliza nani aliwachukua. Aliuliza, "Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika yuko wapi?" Baada ya muda mrefu kijana akasema jina la birika moja la maji upande wa mtoni. Aliwaona wakijichanganya na kundi la jirani. Kijana huyu hujua mbuzi wote wa kijiji kwa rangi na pembe, ila hakuna aliyemwuliza habari ya mbuzi. Wote walimwuliza habari ya wizi. Kituo kile hakikutangaza kwamba mbuzi wamepatikana. Na kijana, kwa miezi mingi, redio ikiwashwa aliziba masikio na kukimbilia ndani.

Mama mmoja kutoka Kinna ametutumia ujumbe baada ya kusikia tangazo la kipindi hiki. Anauliza: "Sista, mwanangu ana miaka 16 na yuko hivyo hivyo. Nikiwa sipo, akisimamishwa na askari au mwandishi, nifanye nini?"

Mama, kwanza, kama hajapimwa, mpeleke kwenye ofisi ya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum, ile wanayoiita EARC, au uje kwetu hospitalini tukuelekeze. Pili, ulizia usajili wake katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ili awe na kadi inayotambulika. Tatu, mjulishe chifu, mzee wa kijiji, mwalimu wa madrasa na jirani wawili jinsi anavyoongea, kabla ya siku ya shida. Na kwa mwandishi, una haki ya kusema hapana. Hakuna anayelazimishwa kuhojiwa redioni.

Mwisho, mtengenezee kikaratasi kigumu, ukifunge kwa nailoni kisilowe, kikae mfukoni au shingoni mwake. Andika jina lake, namba yako ya simu na ya mjomba wake, kisha haya: "Nina usonji. Nikirudia maneno yako, sijakubali wala kukataa. Tafadhali nipe nafasi na umpigie mama." Andika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo kwenu, na mfundishe kukitoa polepole, mkono ukiwa wazi, ili askari asidhani anatoa kitu kingine.